Picha ya Tano ya Japolo

Nicanor Obare alikuwa akiwasagia watu mahindi Oruba, pembeni mwa mji wa Migori, na vilevile alikuwa Japolo. Kwa Kijaluo polo ni mbingu, na ni radi pia. Basi Japolo ni mtu wa huko juu, yule anayeshuka na umeme mkononi wanyonge wanapozidiwa. Mambo hayo mawili, usagaji na ushujaa, yalikuwa yamekaa nyumba moja kwa miaka bila kugombana. Mtu analeta gorogoro mbili za mahindi, anasalimia, anaangalia, anaangalia tena, halafu anasema, "Kwani si ni wewe?" Naye Nicanor, nyusi nyeupe kwa unga, anajibu kwa ile sauti yake nzito, "Ni mimi, mama. Weka hapo."

Aliyemfanya Japolo ni Irine Akoth, binti wa Homa Bay aliyekuwa ametoka tu chuoni na alikuwa akizunguka na kamera kwenye arusi za watu. Katika arusi moja kule Rongo upepo ulikuja ghafla, hema likaanza kunyanyuka, wageni wakakimbia. Nicanor, ambaye alikuwa mgeni tu wa upande wa bwana arusi, aliukumbatia mlingoti wa katikati kwa mikono yote miwili, akasimama hapo kama mti, mvua ikimpiga usoni, huku akiwaambia watu kwa upole, "Kaeni. Mchungaji, endelea. Kaeni tu." Mchungaji aliendelea, watu wakakaa, na ndoa ikafungwa. Irine aliporudi nyumbani na kutazama alichorekodi, hakumtazama bibi arusi hata kidogo. Wiki iliyofuata alikuwa mlangoni pa mashine ya kusaga, ana kitambaa cha buluu begani na habari ya sinema ya kumweleza.

Picha ya kwanza ilioneshwa kwenye kumbi za makanisa, viwanja vya shule na skrini za magari ya abiria, kutoka Homa Bay hadi Muhuru. Watu waliipenda kupita kiasi. Mjaluo mwenzao anaruka! Na anapopiga adui, anampiga kwanza, kisha anamuuliza kama mama yake anajua alipo. Ya pili ikavuma zaidi. Lakini wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Ya tatu watu waliitazama kwa adabu. Ya nne hawakuwa hata na adabu hiyo.

Hiyo ya nne ilifunguliwa Rongo, na Nicanor alikuwa ndani ya ukumbi. Kabla haijafika katikati, wanaume walianza kutoka mmoja mmoja kwenda kuangalia mpira ng'ambo ya barabara. Waliobaki walicheka pale palipotakiwa machozi. Kisha ikaja ile sehemu ya kuruka. Japolo akiruka, kumbe Nicanor alikuwa amelala kifudifudi juu ya benchi lililofunikwa kitambaa cha kijani, na Irine, kwa uchovu wa siku ile, alisahau kuufuta mguu mmoja wa benchi. Mguu ule ulipita juu ya mawingu pamoja na Japolo, juu ya mto, juu ya mji mzima wa Migori. Mtu akaikata sehemu hiyo, akaiwekea wimbo wa kuchekesha, na kabla ya Jumapili kila simu ilikuwa nayo. Hata mchungaji wao alikuwa nayo.

Nicanor aliendelea kusaga. Mtu akimuuliza, "Si ni wewe?" alianza kujibu, "Tumefanana tu." Lile vazi la buluu lenye miali ya fedha alilikunja, akaliweka chini kabisa ya sanduku la nguo za watoto zilizokuwa zimeshawabana.

Mwaka ukaisha, na mwingine ukaingia. Alasiri moja Irine alishuka kwenye bodaboda mbele ya mashine, amenenepa kidogo, amevaa miwani. Alimpa mkono, akamsalimia, akamuulizia Mama Sammy na watoto, halafu akatoa karatasi mkobani.

"Baba Sammy, nimeandika nyingine."

"Nyingine ya nani?"

"Ya Japolo. Lakini soma kwanza, ndiyo tuongee."

Nicanor alizima mashine. Kelele ilipokwisha, kukabaki harufu ya unga moto na sauti za kuku. Akaketi juu ya gunia, akasoma. Ukurasa wa kwanza hakujiona. Wa pili hakujiona. Picha ilianzia Kehancha, kwa mwanamke wa Kikuria mwenye fimbo ambaye akipiga ardhi nayo, ardhi inatetemeka. Kisha ikaenda Masara, kwa mchimba dhahabu anayepita ndani ya mwamba kama fuko. Kisha ikafika Sori, kwa msichana mmoja wa ziwani, Nyar Nam, ambaye ndege wote wa majini humsikia akiita. Jitu la Ukame lilikuwa limelala juu ya chemchemi likiunywa Mto Migori, na hawa watatu, kila mmoja kwao, waliona maji yakipungua, wakaanza kutafutana. Japolo aliingia baadaye sana. Na alipoingia, alikwenda kupigana na Jitu peke yake, kama kawaida yake, akapigwa. Akapigwa vibaya. Yule mwanamke wa Kehancha akaingia kwenye vumbi, akamweka mgongoni, akatoka naye.

Nicanor alirudia sehemu hiyo mara mbili.

"Huyu Mkuria anambeba Japolo?"

"Anambeba."

"Mgongoni?"

"Mgongoni, Baba Sammy."

"Irine, nyathina, mwanangu. Staringi habebwi. Staringi ndiye anabeba."

"Staringi hafi," Irine alisema. "Hiyo ndiyo sheria naijua mimi. Ya kubebwa sijaisikia."

"Kwa hiyo sasa mimi si staringi."

Irine alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la blauzi. Hakuwa mtu wa kuzunguka. "Mko wanne," alisema. "Staringi ni nyote."

Nicanor alimrudishia karatasi. "Tafuta Japolo mwingine. Vijana wako wengi. Wenye tumbo dogo pia."

"Sitatafuta. Hakuna mwingine." Irine aliziweka karatasi juu ya gunia, hakuzichukua. "Ukikataa, nitaandika tu kwamba Japolo amesafiri." Akapanda bodaboda, akaenda.

Maneno hayo yalimchoma Nicanor kuliko benchi. Japolo amesafiri. Maneno mawili, na picha ingeendelea bila yeye, na Jitu lingeshindwa, na watu wangekwenda nyumbani wameshiba. Alirudi kwake na karatasi kwapani, akaingia kuoga.

Alipotoka alimkuta mkewe Rispa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, sinia la dagaa wa omena mapajani, karatasi zimesimamishwa kwenye jagi. Alikuwa anachambua omena huku anasoma.

"Hii ni tamu," Rispa alisema.

"Tamu wapi? Umefika pale ninapobebwa?"

"Hapo ndipo nimelia."

Nicanor alivuta kiti. Alikuwa ameoana na Rispa miaka mingi, na alijua kwamba mke wake hakuwa mwepesi wa machozi. Hata kwenye matanga yeye ndiye alikuwa akipika wengine wakilia.

"Baba Sammy, nikuambie kitu?" Rispa alisema, mikono yake ikiendelea na kazi. "Zile picha zako zote nne nilizitazama na nikapiga makofi, kwa sababu ni wewe. Lakini kila mara nilikuwa naondoka na huzuni fulani. Unaona mtu anapigana na watu arobaini. Kijiji kizima kinaangalia. Hakuna hata binamu anayeokota jiwe. Nikawa najiuliza, huyu mtu hana ndugu? Alikosana na kwao? Ni mtu gani huyo asiye na watu?"

Jambo hilo halikuwahi kumpitia Nicanor akilini. Alikuwa akidhani upweke ule ndio ukubwa wenyewe. Sasa alijaribu kumwona Japolo kama Rispa alivyomwona: mwanamume mzima, nguo nzuri, nguvu tele, na hakuna hata mtu mmoja wa kumuuliza amekula.

"Huyo Mkuria ni nani?" aliuliza mwishowe.

"Mpigie Irine umuulize," Rispa akasema. "Lakini nitolee kwanza vazi lako nilifue. Litakuwa na harufu ya mende."

Mkuria mwenyewe aliitwa Bhoke, mke wa Mwikwabe, mwanamke mrefu wa Kehancha aliyekuwa mkulima wa mahindi na mwimbaji wa kwaya. Irine alikuwa amekwenda kurekodi kwaya hiyo, akamwona Bhoke katikati ya wimbo akimwondoa mbuzi aliyeingia kanisani, kwa mkono mmoja, bila kukosa noti. Mchimba dhahabu alikuwa Austine, na hakuhitaji kuigiza sana kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake pale Masara. Nyar Nam alikuwa Scovia, msusi wa Sori, msichana mchekeshaji ambaye aliwaogopa sana ndege aliopaswa kuwaamuru.

Siku za kwanza Nicanor alikuwa mgumu kama mti mkavu. Aliwaelekeza wenzake mahali pa kusimama, na kila alipowaelekeza palikuwa nyuma yake kidogo. Alimwambia Austine asimzibe. Alimwambia Scovia kwamba shujaa hacheki akiwa kazini. Scovia aliitikia, "Sawa mzee," akaenda kuchekea nyuma ya gari. Irine aliyaona yote, akawa tu anahamisha kamera.

Kazi kubwa ilikuwa Masara. Walichagua uwanja wa wazi kando ya machimbo, penye vilima vya mawe yaliyokwisha kusagwa, ambapo vumbi lilikuwa jeupe na jua halikuwa na huruma. Wachimbaji waliacha kazi zao wakaja kutazama. Walijipanga juu ya vilima, wanaume kwa wanawake, chupa za maji mikononi, na Nicanor alipotoka kwenye gari amevaa buluu, sauti ikatoka juu.

"Japolo! Leo umekuja na benchi?"

Kilima kizima kikacheka. Nicanor alipunga mkono, akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wakwe. Alikwenda kuketi kwenye kivuli cha gari. Bhoke alimfuata na kikombe cha uji.

"Tata, benchi gani wanasema?" aliuliza. Tata kwa Wakuria ni baba, na ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza.

"Hujaiona?"

"Simu yangu ni ya kupiga tu."

Nicanor angeweza kusema ni utani wa vijana, yakaisha. Badala yake, hata yeye hakujua kwa nini, alitoa simu yake mwenyewe, akaitafuta ile sehemu, akampa. Bhoke aliitazama kimya hadi mwisho, simu ameishika karibu na macho. Akairudia. Mara ya pili mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi akajifuta machozi kwa kanga, na Nicanor, kwa kuwa alikuwa hapo karibu na kicheko hakikuwa na ubaya, alijikuta ananong'ona, "Ngoja, hapa inapita juu ya posta."

"Lakini angalia uso wako," Bhoke alisema alipopata pumzi. Aliisimamisha picha kwa kidole. "Uso wako unaamini. Wewe unaruka kabisa. Ni huo mguu wa benchi tu ndio haukuamini."

Nicanor aliuangalia uso wake kwenye simu. Ilikuwa kweli. Kwa muda wote ule alikuwa ameutazama mguu wa benchi, hakuwahi kuutazama uso. Alikunywa uji wake wote, akasema ulikuwa na sukari ya kutosha, na alipoitwa alikwenda kusimama mahali Irine alipomwonyesha, pembeni, bila neno.

Walipiga kwanza sehemu ya Jitu kumwangusha. Jitu lenyewe lilikuwa Jared, mchinjaji wa Migori, aliyepakwa majivu mwili mzima na kusimamishwa juu ya kilima ili aonekane mrefu. Nicanor alianguka vizuri. Kuanguka alikuwa anakujua tangu picha ya kwanza. Kisha ikaja sehemu ya kubebwa.

Bhoke aliingia kwenye vumbi, akainama, akamvuta mikono, akamweka mgongoni, akainuka. Irine akasimamisha.

"Baba Sammy, miguu yako inatembea."

"Haitembei."

"Inatembea. Naiona hapa."

Wakarudia. Nicanor alijitahidi kulegea, lakini kila Bhoke alipoinuka vidole vyake vya miguu vilitafuta ardhi vyenyewe na kuisukuma. Alijua uzito wake. Aliupima kila mwezi kwenye mizani ya magunia. Aliona haya kumtwika mke wa mtu mzigo kama ule juani, mbele ya watu. Wakarudia tena, na tena, na ikawa kila mara ni kama mwanamke anayetembea huku anafuatwa na mwanamume aliyemng'ang'ania shingoni. Juu ya vilima mtu alipiga mluzi. Austine akawanyamazisha kwa Kijaluo, kwa maneno ambayo Irine ilibidi baadaye ayaondoe kwenye sauti.

Bhoke alimweka chini, akajinyoosha kiuno.

"Tata, unanisaidia."

"Mimi ni mzito, mama. Utaumia."

"Najua ni mzito, nakuona." Alisema hivyo bila dhihaka, kama anasema jua limewaka. "Kabla sijaolewa nilikuwa nabeba magunia kutoka shamba la baba yangu mpaka barabarani, na si mara moja. Gunia halinisaidii. Linakaa tu. Ndiyo maana linabebeka. Kama gunia lingekuwa linanisaidia kama wewe, hakuna hata moja lingefika."

Nicanor alikuwa mtu wa magunia. Hakuna maneno ambayo yangeweza kumwingia vizuri zaidi ya hayo. Alilala tena kwenye vumbi, akafumba macho. Bhoke alipomvuta, hakufanya lolote. Aliuacha mkono ukawa mkono tu, kichwa kikawa kichwa tu, kikaangukia begani kwake, shavu kwenye kanga iliyonuka moshi na jasho. Aliisikia miguu yake ikiachana na ardhi, na moyo ukamruka, kwa sababu katika kuruka kwake kote, kwa picha nne, hakuwahi hata siku moja kuiacha ardhi.

Baba yake alikufa Nicanor akiwa bado shuleni, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuzaliwa. Tangu hapo alikuwa akibeba: wadogo zake, karo zao, mama yake mpaka alipozikwa, mahindi ya Oruba yote. Hakuwa amelalamika, na hakuwa amechoka sana, ni maisha. Lakini alipokuwa juu ya mgongo ule, akihisi pumzi za Bhoke zikiingia na kutoka, hatua kwa hatua, alisahau kwamba kuna kamera. Usingizi ulimpita kando kama mtu anayepita njia.

Vilima vilinyamaza. Bhoke alitembea akafika kwenye jiwe walilokuwa wamelipaka chokaa ili asimame hapo, akalipita. Akaendelea kutembea. Irine alikuwa nyuma ya kamera, mkono mdomoni, amesahau kusema basi. Ni Scovia aliyepiga kelele hatimaye, "Jamani, mnampeleka wapi?"

Bhoke alimteremsha taratibu karibu na gari. Alikuwa anahema. Alimpangusa vumbi begani kama mama anavyompangusa mtoto, akasema, "Uzito upo, tata. Nisikudanganye."

"Ero kamano," Nicanor alisema, na kwa kuwa hakuwa na hakika kama Bhoke anaelewa Kijaluo, akaongeza, "Asante, mama."

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kama maji kwenye mteremko. Nicanor aliacha kuwaonyesha watu mahali pa kusimama. Alimfundisha Scovia jinsi ya kuita ndege bila kufumba macho kwa woga, na Austine akamfundisha yeye kushika sururu kama mchimbaji, si kama mtu anayeua nyoka. Sehemu ya mwisho waliipiga Sori, asubuhi, wote wanne wakiwa wamesimama majini mpaka magotini, mto umerudi. Picha haikumtaka yeyote acheke, lakini korongo mmoja alimkaribia Scovia, wakacheka wote wanne, na Irine aliiacha hivyo hivyo.

Ilifunguliwa Homa Bay, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja karibu na soko, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Nicanor na Rispa walifika mapema wakaketi nyuma. Watu waliokuja mara ya kwanza hawakujaza hata nusu ya viti. Wengi walikuja, walikiri wenyewe baadaye, kuona kama kutakuwa na benchi lingine. Irine alisimama mlangoni, anahesabu vichwa na kujifanya hahesabu.

Nicanor aliungoja wivu kama mtu aliyenyeshewa anavyoingoja homa. Alikuwa amejiandaa. Bhoke alipotokea kwenye skrini na kupiga ardhi kwa fimbo, mwanamke mmoja mbele alisema, "Nyar Kuria!" na wengine wakaitikia, Wajaluo watupu, wakimshangilia binti wa Kuria kana kwamba wamemzaa wao. Wivu ukaja, mdogo, ukakaa kwenye kiti cha pembeni. Austine akapita ndani ya mwamba, watu wakapiga makofi. Scovia akaita ndege. Kisha Japolo akatoka mawinguni, na hapo Nicanor alijiandaa kwa kicheko.

Hawakucheka. Walimtazama akienda peke yake kwa Jitu, na mzee mmoja akasema kwa sauti ya kumwonya, "Ngoja wenzako, wewe." Alipoanguka, ukumbi ulivuta pumzi. Alipobebwa, palikuwa kimya kabisa, mpaka mwanamke mmoja, mchuuzi wa samaki aliyeingia na beseni lake, akasema polepole, "Mos, omera." Pole, ndugu yangu.

Rispa aliushika mkono wa mumewe. Nicanor alikitazama kile kiti cha pembeni, na wivu ulikuwa umeshaondoka bila kuaga.

Waliotazama walitoka nje wakapiga simu. Mara ya pili viti vilijaa. Mara ya tatu watu walisimama kando ya kuta, na wengine waliketi sakafuni mbele, na Irine aliacha kuhesabu akaenda kulia kidogo nyuma ya jengo, akarudi ameosha uso. Wiki iliyofuata alipigiwa simu kutoka Kisii, kutoka Isebania, na kutoka ng'ambo ya mpaka. Watu walianza kuzitafuta hata zile picha za zamani, na ile ya nne ilipendwa safari hii, benchi na yote, kama mtoto mtundu anavyopendwa akishakua. Irine alikuwa tayari anaandika ya sita. Alimuuliza Nicanor kama ana maoni. Nicanor akasema ana moja tu: Mama Sammy anataka kujua Japolo anakula kwa nani.

Ilipofika zamu ya Kehancha, Nicanor alikwenda. Bhoke alikuwa amewaalika wote, na Mwikwabe mumewe alikuwa amechinja. Lakini gari lilichelewa, na Nicanor alipoingia kwenye ukumbi wa kanisa, baada ya ibada ya Jumapili, picha ilikuwa imeanza. Alikuwa amevaa shati la kawaida na kofia. Alipata nafasi kwenye benchi, kando ya bibi mmoja mwembamba mwenye shuka begani, ambaye alisogea kidogo kisha akamtazama kwa huruma.

"Umechelewa," bibi alisema kwa Kiswahili chake cha Kikuria. "Wewe ni mgeni?"

"Mgeni, mama. Natoka Migori."

"Basi nitakuambia. Mimi nimeiona jana pia." Alielekeza kwa kidevu. "Huyo wa fimbo ni mke wa Mwikwabe, jirani yangu. Tunachota maji pamoja. Huyo wa chini ya ardhi, kazi yake ni hiyo. Huyo msichana anaogopa ndege lakini anajikaza."

"Na huyo wa buluu?"

Bibi alifikiri. "Huyo ni Mjaluo. Mtu mzuri sana. Ila anachelewa kuelewa mambo."

Nicanor aliitikia kwamba anaona hivyo pia. Bibi alimsimulia Jitu limekunywa nini na kwa nini, na alipoona mgeni anasikiliza vizuri, akamsogelea zaidi. Kwenye skrini vumbi la Masara lilipanda. Bhoke aliingia, akainama, akainuka na mzigo wake, na kanisa zima likanyamaza kama Homa Bay ilivyonyamaza.

"Angalia sasa," bibi alinong'ona, akimgusa goti. "Anambeba."

"Ni mzito?"

"Si unamwona? Lakini angalia vile ametulia. Mimi nimezaa wanaume sita, hakuna hata mmoja anaweza kutulia hivyo."

Nicanor aliangalia. Kule mbele, kwenye kiti cha wazee wa kanisa, alimwona Bhoke mwenyewe akiwa na mtoto amelala mapajani, akijitazama kwa makini kama mtu anayekagua shamba. Alitaka kwenda kumsalimia, akaona kuna wakati.

"Halafu inakuwaje?" alimuuliza bibi.

"Wewe kaa tu," bibi akasema. "Sasa ndiyo inaanza kuwa tamu." Akamweleza yote yaliyokuwa yanakuja, moja baada ya jingine, kabla hayajafika, na Nicanor akavua kofia, akaiweka gotini, akayasikiliza yote mpaka mwisho.